Poromoko la Shiling

Tangu aanze safari za Uchina, Bi Kazija alikuwa ameuza mikoba ya kila namna: ya harusi, ya skuli, ya kuendea sokoni, hata ile ya vioo vidogovidogo ambayo wanawake wa soko la Darajani, Unguja, waliigombania mpaka mitandio ikawavuka. Lakini Julai ya mwaka 1998, ndani ya kichumba chake cha ofisi katika jengo la Tianxiu Dasha, hukohuko Uchina, aliletewa oda ambayo hakuielewa hata baada ya kuelezwa mara tatu.

"Mabegi ya nini, umesema?"

"Ya maporomoko ya theluji," alijibu mgeni wake.

Mgeni huyo aliitwa Agripina, Mchaga wa Marangu, mwembamba, mwenye viganja vigumu na macho yasiyotulia sehemu moja. Alikwenda Austria kusomea uuguzi, akaolewa huko na mwongozaji wa wapanda milima, na badala ya kukaa dirishani akimsubiri mume arudi salama, akajifunza kazi ileile. Sasa alikuwa akiwafundisha wale wanaopenda kutembea milimani wakati wa baridi, mbali na barabara, namna ya kuokoana theluji inapokatika na kuwafukia. Alitaka mabegi mia tatu ya wanafunzi wake, na kiwanda chake cha zamani kilikuwa kimefungwa.

"Theluji inakatika?" Bi Kazija alishangaa. "Miye nikijua inaanguka polepole, kama pamba."

"Ikianguka ni pamba, Bi Kazija. Ikikatika ni saruji."

Bi Kazija akaandika "saruji" kwenye daftari lake, ili aonekane anafuatilia.

Pale ofisini alikuwapo pia Wekesa, wakala wa mizigo kutoka Bungoma, ambaye walichangia naye chumba na simu. Wekesa alikijua Kichina vizuri, na alikuwa na jibu la kila swali hata kabla halijaulizwa. Aliwahi kukwama Beijing siku mbili mwezi wa Januari, na tangu hapo alijihesabu mtaalamu wa baridi.

"Theluji naijua mimi," alisema. "Ni mambo ya koti tu."

Agripina alifungua begi la sampuli alilokuja nalo. Alitandaza vitu vyake mezani, juu ya karatasi za forodha. Palikuwa na beleshi la chuma jepesi, mpini wake unachomolewa. Palikuwa na ufito uliokunjwa vipande vipande. Aliurusha mbele, ukajiunga wenyewe na kugonga kalenda ukutani. Na palikuwa na kiredio cha kuvaa kifuani, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mkiwa njiani, kila mtu kiredio chake kinaita," alieleza. "Mwenzenu akifukiwa, nyote mliobaki mnageuza vya kwenu vianze kusikiliza. Sauti inawapeleka karibu naye, ufito unamgusa, beleshi linamtoa. Kitu kimoja kikikosekana hapo, mnabaki mnalia tu."

Bi Kazija alilichukua begi la sampuli, akalinusa, akalipindua ndani nje. Hapo alikuwa kwenye uwanja wake. Alisema begi ni zuri ila limepooza. Lingetiwa maandishi ya dhahabu, na hapa mbele ua moja, na mnyororo mwembamba kwenye mfuko wa beleshi.

"Bi Kazija, mtu aliyefukiwa ana dakika kumi na tano. Akipita hapo, wengi hatuwapati wazima. Wewe umevaa glavu nene, mikono inakutetemeka, mumeo yuko chini. Ndipo uanze kufungua mnyororo?"

Bi Kazija alilirudisha begi mezani taratibu.

"Basi ua tuliache," alisema.

Wiki iliyofuata waliletewa sampuli tatu kutoka Shiling, mji ambao kila nyumba inashona mikoba. Agripina alitaka zijaribiwe kwenye baridi kali, na baridi kali pekee pale mtaani kwao, Xiaobei, ilikuwa ndani ya friza la mkahawa wa Waislamu wa Kichina, chini ya jengo. Mabegi mekundu matatu yakalazwa humo kwa siku nzima, katikati ya mapaja ya mbuzi. Yalipotolewa, Bi Kazija alivaa glavu za jikoni za mwenye mkahawa na kuanza kuvuta zipu, huku wateja wameacha vijiti vyao wakimwangalia. La kwanza liligoma. La pili lilimpokonya glavu. La tatu zipu yake ilibaki mkononi mwake nzima, na yeye akakaa chini bila kukusudia.

"Hiyo hapana," alisema Agripina, akiandika.

"Hata mimi nimeiona," alisema Bi Kazija kutoka sakafuni.

Kwa hiyo wakakodi gari wakaenda Shiling wenyewe. Mwenye kiwanda aliitwa Huang, na kama wenye viwanda wote walimwita Laoban, yaani bosi. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, ambaye kwa kila lalamiko alijibu "mei wenti", hakuna tabu. Zipu imekatika? Mei wenti. Mshono umefumuka? Mei wenti. Bi Kazija alikwishafanya naye kazi miaka miwili na alijua kwamba Laoban akisema mei wenti mara tatu, tabu ipo na ni kubwa.

Agripina alimwambia Wekesa atafsiri hivi: hatasaini karatasi yoyote mpaka wanaoshona mabegi waone yanavyotumika.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na kilima cha vipande vya sponji, vilivyobaki kwenye ukataji, kirefu kuliko lori. Agripina alijaza matambara ndani ya koti kuukuu, akaweka kiredio kimoja mfukoni kikiwa kinaita, akalifukia koti humo wenzake wakiwa wamegeuka. Wekesa alikuwa amejitolea afukiwe yeye.

"Si mnizike mimi tu, iwe ya ukweli!"

"Mtu hafukiwi kwa mazoezi," alisema Agripina, na kwa namna alivyolisema Wekesa hakurudia.

Mafundi wa cherehani, wasichana kama arobaini, walijipanga kivulini na chupa zao za chai. Bi Kazija, Wekesa na Laoban walipewa kiredio na ufito kila mmoja. Filimbi ikalia. Bi Kazija alikunja baibui kiunoni akaanza kupanda sponji, jasho likimtoka kwenye joto lile la Julai, na baada ya muda alisikia: ti, ti, ti. Alifuata sauti kwa makini. Laoban naye alifuata sauti. Sauti iliwapeleka wote wawili mpaka kwa Wekesa. Wekesa alisogea kushoto. Sauti ikaenda kushoto. Alipanda juu, wakapanda. Alipoona wote wawili wanamjia na fito mkononi alianza kurudi nyuma.

"Mama Kazija, mbona mnanifuata mimi?"

"Kwa sababu ni weye unayeita!" alifoka Bi Kazija. "Hukugeuza!"

Wasichana walicheka mpaka wengine wakalala chini. Koti lilipatikana baada ya dakika ishirini na sita. Agripina alilipangusa na kulilaza chini.

"Amekufa," alisema.

Mara ya pili walitumia dakika kumi na nane. Alikuwa bado amekufa. Bi Kazija, aliyekuja kwa ajili ya zipu tu, alijikuta amekasirika, kama kwamba koti lile lina mama yake mahali fulani.

"Tunywe chai, halafu turudie," alisema. "Safari hii hafi mtu."

Waliporudi kutoka kwenye chai, Agripina alilikuta koti palepale alipoliacha, mfuko wazi, kiredio hakimo. Aliuliza. Wasichana walitikisa vichwa. Laoban, aliyekwisha kurudisha kiredio alichopewa, alinyoosha mikono yote miwili. "Mei you," alisema, hakuna, akageuka kuelekea ghalani kwa hatua za mtu aliyekumbuka jambo. Bi Kazija alimtazama mgongoni akaingiwa na mashaka, maana mwaka uliopita alimwachia Laoban mkoba mmoja wa Kitaliano kwa mchana mmoja tu, na baada ya wiki mbili nakala zake zilikuwa zimejaa soko zima.

"Agripina, mwanangu," alisema, "kiredio chako kimekwenda kufunguliwa tumbo."

Walibishana kwa muda nani amfuate. Ghalani kulitoka kishindo kizito, kisicho na mlio mkali, kama gari kubwa limekaa juu ya godoro. Vumbi jeupe likatoka mlangoni. Msichana mmoja alipiga kelele: "Laoban!"

Ndani, ukuta wa marobota ya sponji na vitambaa, uliopangwa mpaka darini bila kufungwa kamba, ulikuwa umelala. Wasichana walikimbilia kuurukia. Agripina akapuliza filimbi kwa nguvu, na wote wakaganda.

"Hakuna kupanda bila amri! Wekesa, waambie. Mmoja aangalie yale yaliyobaki juu, yakitikisika apige kelele. Mmoja apige simu gari la wagonjwa. Bi Kazija, kiredio chako!"

"Kwani amevaa?"

"Anacho mfukoni, si umesema mwenyewe? Na nilikiacha kinaita!"

Bi Kazija alikivuta kiredio chake kutoka kifuani. Aligeuza kitufe. Akamgeukia Wekesa, lakini Wekesa alikuwa amekwishageuza chake na anamwonyesha kwa mikono miwili, kama mtoto anayeonyesha amenawa. Kimya. Halafu, mbali kwenye pembe ya kulia: ti. Ti, ti.

Yuko hai au sauti tu iko hai? Hilo hakutaka kulifikiria. Alikwenda ameinama, akishusha kiredio chini karibu na marobota alivyofundishwa, akipunguza sauti kila ilipozidi, akivuka mahali palipoita sana, akarudi, akakata upande mwingine. "Hapa," alisema, na sauti yake haikuwa ya sokoni. Agripina alimpa ufito. Aliuingiza taratibu kati ya marobota: sponji, sponji, saruji ya sakafu. Alisogea hatua ndogo. Sponji, sponji. Mara ya nne ufito ukakuta kitu kinachobonyea halafu kinakataa.

"Aiya!" kilisema kitu hicho.

"Yu hai!" Bi Kazija alipiga ukelele. "Yarabi, anazungumza!"

"Usiutoe ufito! Uache hapohapo!"

Hawakumfukua kutoka juu. Agripina aliwashusha wote mpaka ubavuni, upande wa chini, ili wasimkanyage, na wale wasichana arobaini wakajipanga mstari kutoka hapo hadi uani, wakipitishiana marobota mkono kwa mkono. Sponji ilikuwa nyepesi, ila vitambaa vilihitaji watu wanne. Wekesa alivuta kwa beleshi na hakusema neno hata moja, jambo ambalo Bi Kazija hakuwahi kulishuhudia. Kwanza ulitokea mguu, kisha shati. Agripina akaingia kwa mikono, akaufuata uso, akautoa nyuzi puani na mdomoni, akakiondolea kifua uzito. Dakika tisa zilikuwa zimepita.

Laoban alifumbua macho. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika bisibisi. Wa kushoto ulishika kiredio, skurubu moja imetoka, bado kinaita. Alivitazama vitu hivyo viwili, akawatazama waliomzunguka.

"Mei wenti," alisema kwa sauti nyembamba.

Bi Kazija alikuwa na maneno kama arobaini ya Kichina, yote ya sokoni, na aliyamimina yote: rafiki, ghali sana, hapana, hakuna, mbovu, rudisha. Machozi yalimtoka huku anamfokea. Laoban alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba maji.

Hospitali walimkuta na mbavu mbili zenye ufa, wakamwamuru alale wiki mbili. Kabla hajapelekwa, Agripina alichuchumaa kando ya machela akamwambia kupitia kwa Wekesa: ukishona mkoba vibaya, mtu anadondosha pochi. Ukiiga hiki ukakosea waya mmoja, mtu anakwenda mlimani akiamini wenzake watamsikia, na hawatamsikia. Laoban hakusema mei wenti. Alimrudishia ile skurubu, iliyokuwa mfukoni.

Katika wiki hizo mbili kiwanda kiliendeshwa na mkewe. Mama yule aliyatupa mazipu yote ya zamani, akapunguza marobota ghalani mpaka usawa wa kifua chake, na mabegi ya pili yalikaa frizani siku mbili yakatoka yanafunguka kwa kidole. Agripina alisaini. Wasichana wa cherehani walimwomba Bi Kazija aje Jumapili moja awarudishie yale mazoezi, naye akaenda, akiwa na filimbi shingoni, na akakaa nao mpaka Magharibi.

Ijumaa ya wiki ileile ya ajali alikuwa amempigia simu binti yake Nahla, huko Unguja, kama kawaida.

"Mama, kazi zinakwendaje huko?"

"Njema. Juzi nimemfukua Laoban."

Nahla aliisogeza simu sikioni zaidi.

"Alikuwa amekufa?"

"Hata! Nilimchoma ufito wa ubavu akapiga kelele."

"Mama," alisema Nahla taratibu, "huko unakula vizuri?"