Fundo la Kamba Kumi

Kosa langu lilikuwa la sekunde tatu: nilizichomoa kamba kabla mbwa hawajalala.

Hapa Uummannaq, kisiwani kaskazini ambako bahari huganda, kila mbwa ana kamba yake, na wote hutandaa mbele ya sleji, gari letu la kuteleza barafuni, kama vidole vya mkono. Kwa kuwa wanarukana njia nzima, kamba hujisuka zikawa fundo moja gumu. Ukitaka kulifungua, walaze kwanza, laza mjeledi mbele ya pua zao, kisha ndipo uchomoe kamba kwenye sleji. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Mimi nina ishirini na mbili, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikachomoa wakiwa wamesimama.

Sili mmoja akachomoza kichwa majini, kwenye ufa wa barafu.

"Laleni!"

Fundo liliniponyoka. Mbwa kumi, wakaondoka.

Mjomba Inuteq alikuwa ameketi juu ya sleji, goti lake bovu limenyooshwa juu ya kapu la samaki. Aliwatazama mbwa, akanitazama mimi.

"Hongera, mpwa wangu. Sasa nivute wewe."

"Mjomba, Taartoq yumo!"

"Kwani mimi kipofu? Nilisema abaki nyumbani na tumbo lake. Nani alisema wengine hawajui njia bila yeye? Kimbia, Tukummeq!"

Nilikimbia. Taartoq alikuwa na mimba ya siku hamsini. Mwaka uliopita homa ya mbwa ilipita pwani nzima, ikatuachia madume tisa na jike mmoja, yeye. Majirani nao waliwazika wao. Kuagiza mbwa kusini hakuna, sheria haimruhusu mbwa wa kule kukanyaga huku, na wetu akivuka kwenda kule harudi. Ukoo wa mbwa alioachiwa Mjomba na babu yake ulikuwa wote ndani ya tumbo lile, nami ndiye niliyelifunga mkanda wa kuvutia sleji asubuhi.

Sili alikuwa ameshazama. Madume tisa walikuwa upande huu wa ufa, wamebanana, wanang'atana masikio. Fundo lilikuwa limenasa kwenye bonge la barafu. Kamba moja tu ilikuwa imekaza kuelekea majini.

Taartoq alining'inia. Nusu yake ilikuwa ndani ya maji, kucha zake zinakwaruza ukingo, zinateleza, zinakwaruza tena. Hakulia, akanitazama tu.

Nililala kifudifudi, nikamvuta. Hakusogea hata kidogo. Barafu ikalia chini ya kifua changu. Nikaelewa kwamba fundo likibaki hapo, atakufa kwa baridi ya maji, na nikilibandua halafu wale tisa wasivute, atazama nalo. Pengine na mimi.

"Mjomba!" niliita. "Waonyeshe samaki!"

"Nini?"

"Samaki! Wainulie samaki!"

"Tangu saa ile unawaomba wasikimbie, sasa unataka wakimbie?"

"Inua, mzee wewe!"

Sijawahi kumwita hivyo. Aliinuka kwa mguu mmoja, akanyanyua samaki bapa mkubwa kama mlango wa kabati, akapiga mluzi wa chakula. Vichwa tisa viligeuka.

Nikapitisha mkono ndani ya fundo, nikalibandua.

Kwa pumzi moja hakuna aliyevuta. Mwili wangu uliteleza kuelekea ufani. Kisha bega liliniuma kama limeng'olewa. Madume walikuwa wameondoka kwa pamoja, nami nyuma yao nimelala kama gunia, na nyuma yangu kitu kizito, chenye maji, kikigonga barafu.

Tulipofika kwenye sleji, Mjomba aliwatupia samaki wao bila kuwatazama. Alivua koti lake la manyoya, akamfunika Taartoq, akaingiza mikono yote miwili chini ya tumbo.

"Watoto wanacheza?" niliuliza.

"Nyamaza."

Taartoq alitetemeka. Mbwa walitafuna.

"Mjomba?"

"Nimesema nyamaza, wewe na mdomo wako."

Akasogeza kiganja. Akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka ndevu zake zikaota barafu.

"Huyu hapa," alisema hatimaye. "Na huyu. Wawili."

"Mara iliyopita alizaa sita."

"Mara iliyopita hakuogeshwa." Hakufumbua macho, wala hakuondoa mikono. "Fungua fundo hilo. Walaze kwanza."