Kiti cha Uzi wa Bluu

Asubuhi hiyo Bwana Nta alifungua taa ya nyuma ya pikipiki yake, akaitupa kwenye rundo la vikuukuu pembeni mwa gereji. Mahali pake akafunga taa halisi ya kiwandani, iliyomfikia ikiwa bado imeviringishwa kwenye karatasi yake. Taa ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kubadilishwa. Tangi, kiti, fremu, hata injini, vyote alishavibadilisha, na sasa pikipiki ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani kabla yeye hajaota ndevu. Jina la Bwana Nta alipewa na majirani, maana hakuonekana bila kopo la nta ya kung'arishia mkononi.

Alipotoka kunawa alikuta vikuukuu vimejiunga vyenyewe, vimekuwa pikipiki ya pili. Kulikuwa na tangi lenye bonyeo, na kile kiti ambacho mkewe alikishona kwa uzi wa bluu kilipochanika. Marehemu mkewe alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki hiyo, anapima oili.

"Oili imepungua," alisema.

Bwana Nta akampa oili. Angefanyaje?

Mkewe akapiga kiki mara moja, injini ikawaka, akatoka kwenda kwao. Magharibi akarudi, akaegesha, akatoweka. Ikawa hivyo kila siku. Jirani yao mshonaji alivumilia weee, mwisho akaja mlangoni.

"Shemeji, mwambie mkeo ile ekzosi ina kelele. Mtoto wangu halali."

"Nitamwambia."

Zamani, mkewe alipokishona kiti kile, Bwana Nta hakusema hata asante. Alisema kiwandani walitumia uzi mweusi. Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi nenda kakioe hicho kiwanda," alimjibu.

Kisha mama wa mkewe akaugua, naye mkewe akaomba apelekwe akamwone. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Bwana Nta aliitazama pikipiki inavyometameta, akasema kesho. Kesho yake akasema tena kesho. Mama mkwe akafa. Mkewe alikwenda kuzika peke yake kwa basi, akarudi, na tangu hapo hakuomba kupelekwa popote mpaka naye akafariki. Jambo hilo lilimkaba Bwana Nta kila alipokula peke yake, na kila siku alikula peke yake. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mkewe amwambie panda. Angepanda nyuma, na huko njiani angemwomba radhi.

Siku moja akaja mkaguzi wa chama cha wenye pikipiki za kale. Akaizunguka ile inayong'aa, akapiga magoti, akamulika tochi chini ya injini.

"Hii ndiyo yenyewe hasa," akasema. "Utadhani haijawahi kuguswa na mtu. Mzee, usije ukaiendesha, thamani itashuka. Kesho nakuja na mpiga picha."

Mke wa Bwana Nta akaingia, anavaa glavu.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mkaguzi akaitupia jicho pikipiki ya pili. "Hiyo ina viraka mno. Haina thamani," akasema, akaaga.

Mkewe akaitoa nje. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Akapiga kiki, akasogea mbele kidogo, akakipigapiga kiti nyuma yake.

"Panda. Mama anakuulizia."

Bwana Nta akapiga hatua moja. Kisha akakumbuka kopo lake la nta alilokuwa ameliacha wazi, na picha za kesho.

"Leo kuna tope," akasema. "Kesho."

"Haya," mkewe akajibu, kwa sauti ileile ya zamani, akaondoka.

Alitamani kumkimbilia, na miguu alikuwa nayo. Alibaki getini mpaka mlio wa injini ukapotea. Aliporudi ndani aliona tone la tope limerukia kwenye tangi jipya. Akachukua kitambaa, akalifuta.