Pahali Asipokuwepo Ummi

Kabla Ummi hajaja Madungu, mabao ya timu ya soka ya wasichana yalikuwa ya Rahila. Watu walikuja uwanjani kumtazama yeye, msichana wa kidato cha tatu mwenye mabega mapana, akipita katikati ya mabeki kama anayesukuma pazia. Kisha Ummi akaletwa kutoka Msuka, akae na shangazi yake apate kusoma mjini Chake Chake. Jioni ya kwanza aliyoingia uwanjani, hana hata viatu, alifunga mara mbili.

Kocha Hamdan alimhamishia Rahila pembeni, halafu benchi.

"Weye una nguvu," alimwambia, "lakini mwenzio ana mbio. Na refa kila siku anakupigia filimbi kwa kusukuma."

Hilo Rahila angelistahamili. Lililomshinda ni la nyumbani. Ummi alizoea kupita kwao baada ya mazoezi, na Bi Mwanapili, mama yake Rahila, akimwekea sahani. Siku moja alimpa kichwa cha samaki aina ya changu, ambacho nyumba nzima ilijua ni cha Rahila.

"Mgeni huyo," mama alisema.

Ummi akakila chote, akaramba vidole. Rahila alimtazama tu, na wali wake ukapoa bila ya kuguswa.

Hazikupita siku nyingi, Mwalimu Severina, aliyehamia Pemba kutoka Mbeya, akatangaza kuwa anaanzisha raga ya wasichana. Waliojitokeza walikuwa wachache. Mpira wenyewe mrefu kama papai. Unaukumbatia, unakimbia nao, na mpinzani ana ruhusa ya kukukamata akuangushe. Rahila hakwenda kwa kuupenda mchezo. Alikwenda kwa kuwa Ummi hakuwepo.

Lakini mwili wake uliukubali. Nguvu zile zile zilizokuwa zikimponza kwenye soka, huku ndizo alizosifiwa.

"Kiunoni au mapajani, Rahila," mwalimu alimkumbusha kila mara. "Shingo usiguse kabisa."

Akajifunza kuanguka bila kuumia, akajifunza kuutoa mpira kwa aliye nyuma yake, na akawa anarudi nyumbani akiimba.

Ligi ya soka ilipokwisha, Ummi alitokea kwenye mazoezi ya raga.

"Mwalimu, na mie nataka kujaribu."

Severina akampa mpira. Ummi akakimbia nao ukingoni mwa uwanja mpaka mwisho, na hakuna aliyemgusa. Wasichana wakapiga makofi. Mwalimu akatabasamu, na tabasamu lile Rahila alilijua. Alikwishaliona usoni mwa Kocha Hamdan.

Ummi alipoupata mpira tena, Rahila alimjia kwa ubavuni. Kiuno kilikuwa wazi mbele yake. Akaupeleka mkono shingoni, akamzoa. Ummi aliangukia bega, na waliokuwa karibu walisikia kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

Mwalimu Severina alimsimamisha Rahila mazoezi. Bi Mwanapili yeye alisema michezo ndivyo ilivyo, akamchukua binti yake wakamtazame mgonjwa. Walimkuta Ummi kitandani kwa shangazi yake, mkono umefungwa kifuani.

"Mungu akupe afueni, mwanangu," Bi Mwanapili alimwambia. "Mwenzio hakukusudia."

Ummi akamgeukia Rahila. "Hukukusudia?"

Rahila alitazama sakafu. Neno moja tu lingemtosha kutoka salama.

"Nlikusudia," alisema.

"Unasema nini?" mama yake akauliza.

"Kila ninapokwenda yuko, mama. Uwanjani yuko, nyumbani yuko. Hata nawe umekuwa wake."

Aliyejibu ni Ummi.

"Ulipoondoka kwenye timu, wenzio waliacha kunisemesha. Walisema nimekufukuza. Nkaja raga kwa kuwa uko weye. Mwengine wa kumfuata sina." Akageuza uso ukutani. "Sasa nenda. Sijakusamehe."

Njia nzima Bi Mwanapili hakumkemea. Walipofika mlangoni kwao, alisimama.

"Ungelinambia," alisema kwa sauti ndogo. "Roho ilipoanza kukuuma, ungelinambia."

Rahila alirudi kwa Ummi siku iliyofuata, na nyengine baada ya hiyo, akakaa kizingitini bila kusemeshwa. Alimchotea maji shangazi, akafua, akaondoka. Mpaka siku moja Ummi akamwita ndani amsaidie kufunga ushungi, kwani kwa mkono mmoja ulimshinda.

Mfupa ulipounga, Ummi alirejea kwenye soka. Rahila aliruhusiwa tena kwenye raga, na timu yao ikacheza na wasichana wa Unguja pale uwanja wa Gombani. Siku hiyo aliwaburuta mabeki wawili mpaka nyuma ya mstari, akauweka mpira chini, na hilo ndilo bao la raga. Aliponyanyuka, alimtafuta mama yake jukwaani. Bi Mwanapili alikuwa amekaa na Ummi, wamejitanda kanga moja kukinga jua, vichwa vimegusana, wanacheka.

Wivu ukamchoma palepale, chini ya mbavu. Rahila aliujua ulivyo. Akashusha pumzi, akapangusa mchanga magotini, akarudi kwenye nafasi yake. Wenzake walikuwa wakimngoja.