Tiara Iliyovuta Kuelekea Hai Malakal

Jumamosi alasiri Juliet alimaliza kumsuka mteja wake wa mwisho, akafagia nywele, akafunga saluni, akavuka barabara ya Nimule akiwa bado amevaa aproni. Upande wa pili, kwenye uwanja mtupu wa Gumbo, Ojok alikuwa ametandaza tiara chini na anaimwagia mchanga ukingoni isije ikaamka kabla ya wakati. Ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili, ameishona mwenyewe kwa kitambaa cha parachuti chakavu. Ojok alikuwa fundi pikipiki kutoka Gulu. Mchezo huo wa kukokotwa na tiara aliujulia Entebbe, ufukweni mwa ziwa, na alichojifunza zaidi huko ni jinsi watu wanavyoumia.

Kwa muda mrefu Juliet alikuwa akiwatazama watu wakikokotwa mbele ya mlango wake, akatamani kujua mikono yao inahisi nini. Hakuwa na sababu nyingine.

Ojok alimvisha helmeti ya boda na vikinga magoti vya mpira wa tairi. Ubao wa magurudumu aliuweka mbali, akasema huo ni wa baadaye. Anayeanza na ubao humalizia hospitali. Kwanza alimtaka aangalie waya za umeme ziko wapi, watoto wako wapi, mbuzi wako wapi. Kisha aupe upepo mgongo na kuipandisha tiara mpaka utosini, pale jua linapokaa saa sita, kwa kuwa hapo haina nguvu ya kumvuta mtu.

"Hapana zungusha kamba kwa mkono," alimwambia. "Upepo ikikushinda, wachia. Tiara tutaenda kuitafuta. Mkono hapana tafutwa."

Juliet akaipandisha. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, na majani makavu yote ya uwanjani yalikuwa yanakimbilia mashariki. Tiara ikatulia juu yake kidogo, ikageuka, ikaanza kumvuta kuelekea mtoni.

Ojok akayatazama majani, akaitazama tiara, akamwuliza nyumba ya kwao ilikuwa wapi kabla hawajakimbia vita.

"Hai Malakal," Juliet akasema, akitaja mtaa wa ng'ambo ya mto.

Ojok akamsogeza upande wa kushoto wa uwanja, ambako wa Hai Malakal wangepita bila kugongana na wengine. Alimweleza kwamba Entebbe tiara hufuata upepo, lakini Juba hufuata kiwanja mtu alichonyang'anywa. Mwanzoni alidhani mshono ndio mbovu, akafumua na kushona upya, haikusaidia. Loro, dereva wa boda aliyeanza kujifunza kabla ya Juliet, kila mara alivutwa kuelekea Hai Jalaba, kwenye duka la marehemu baba yake ambalo sasa lina mwenyewe mwingine. Ambaye hajanyang'anywa kitu, upepo humpeleka kama kawaida. Hao walikuwa wachache, na walijifunza haraka.

Juliet aliondoka Juba mgongoni mwa mama yake, akakulia Koboko. Waliporudi, kiwanja chao kilikuwa kimezungushiwa ukuta na mtu mwingine, na wazee wa ukoo waliokwenda kuuliza waliishia getini. Kabla hajafa, mama alimwelekeza mahali pamoja tu ndani ya hoshi ile, ua wa nyumba yao: nyuma ya jiko, alipozikwa Robinson, kaka yake Juliet aliyekufa akiwa hajaanza kutembea. Juliet hakuwahi kupita hata mtaa ule. Lakini sasa kila Jumamosi mikono yake ilivutwa huko, na alijikuta, katikati ya kumsuka mtu, akijiuliza jiko lilikuwa upande gani.

Alijifunza kuanguka. Alijifunza kukagua mafundo kabla ya kila mruko, na kuvuta kamba nyekundu inayoiua tiara papo hapo. Ojok aliporidhika alimpa ubao, akamwambia asivuke barabara.

Siku hiyo tiara ilivuta kuliko kawaida. Juliet alikata uwanja, akaingia barabarani kati ya lori mbili, akashika njia ya darajani. Nyuma Loro alikuwa amempakia Ojok kwenye pikipiki, na Ojok alikuwa anampigia kelele aachie. Kamba nyekundu ilikuwa pale pale, chini ya kidole chake. Juliet aliigusa. Alijua kwamba akiivuta atateremka, atakunja kitambaa na kurudi saluni, na hatajua jiko lilikuwa wapi. Akaondoa kidole.

Askari wa darajani alimwashiria apunguze mwendo, kisha akampisha. Mjini tiara ilipita juu ya waya zote bila kugusa hata moja, ikakata kona kama mtu anayerudi kwao. Ilipofika Hai Malakal ilimnyanyua na ubao wake, ikamvusha ukuta, ikamweka chini taratibu ndani ya hoshi. Yenyewe ikajitandaza juu ya jenereta kubwa iliyojengewa sakafu ya zege, ikanywea kama moto uliomwagiwa maji.

Mwanamke mmoja alitoka ndani akifuta mikono. Alikuwa Olivia, mke wa mwenye nyumba. Alimletea Juliet maji, akamsaidia kukunja kitambaa kisiunguzwe na jenereta. Alisema jirani naye aliangukiwa na mtu wa tiara, tena kwenye paa.

"Hii yako imekuja kufanya nini hapa?" akauliza.

"Chini ya hiyo zege iko kaka yangu."

Olivia alitazama sakafu. Jenereta ilikuwa inanguruma, ikabidi asogee karibu.

"Jina lake?"

"Robinson."

"Mimi nimekuta hivi, dada," Olivia akasema. "Mzee wangu hawezi kuhama. Na mimi hapa sina sauti." Kisha akauliza kama ameumia goti.

Mlinzi akafungua geti. Nje Ojok na Loro walikuwa wanangoja. Ojok alimkagua mikono yote miwili, kidole kwa kidole, ndipo akamgombeza.

Baada ya hapo Juliet alikwenda kila upepo ulipofaa. Olivia aliegemeza magodoro upande wa ndani wa ukuta na kumwagiza mlinzi aondoe gari mapema. Walikunywa chai karibu na jenereta, wakizungumza kwa sauti ya juu ili wasikilizane, na Olivia alipenda kuuliza mambo: mtoto alifanana na nani, Koboko walikula nini. Juliet alimjibu, na wakati mwingine alimsuka.

Kiangazi kilipoanza, mzee akaleta mafundi kuongeza ukuta urefu. Juliet alimpa Ojok habari hiyo. Ojok aliuliza ukuta umefika urefu gani, akafikiri, akaenda kumtafutia kamba ndefu zaidi.