Wageni wa Ma Restituta

Mizani ya zahanati haikumstahi mtu. Mwezi wa tatu ilisema Ma Restituta ana kilo hamsini na moja. Mwezi wa tano ikasema arobaini na sita.

Hellen alizisoma namba hizo mara tatu kwenye daftari la muuguzi Kokugonza, kana kwamba zingeona haya na kubadilika. Alikuwa afisa ustawi wa jamii pale Izigo, miezi minne tu tangu amalize chuo, na hadi sasa hakuna mtu aliyekuwa amemsikia vizuri kikaoni. Mtendaji wa kata, Bwana Rutashobya, alishazoea kumwambia, "Binti, ongea na sisi, usiongee na meza."

"Josia akiziona hizi, anamchukua," Kokugonza alisema.

Josia alikuwa mtoto wa shemeji yake Ma Restituta, mjane wa miaka sabini na minane aliyeishi peke yake kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Josia, aliyekuja kumsalimia kila Jumamosi, alikuwa ameleta barua kwa mtendaji: mama amezeeka, hawezi kujilisha, ahamie kwake mjini Nyanga, na kibanja akisimamie yeye. Ma Restituta alipoulizwa, alijibu kwamba mjini atakwenda akiwa ndani ya sanduku, tena walibebe taratibu.

Basi ofisi zote zikakubaliana kumwangalia kwanza. Mtendaji alikwenda Jumatatu, afande Gaudiosa wa dawati la jinsia la polisi alikwenda Jumatano, muuguzi Alhamisi na Hellen Ijumaa. Kila mmoja alikuwa na fomu yake, na kila fomu iliuliza: mhusika anakula? Kwa miezi miwili fomu zote nne zilijibu neno moja: vizuri.

Sasa mizani ilikuwa na neno lake, na kikao cha kuamua kilikuwa siku inayofuata. Hellen alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba kifanyike nyumbani kwa mama mwenyewe. "Anayejadiliwa ni yeye," alisema, akiiambia meza. "Asikie."

Siku ya kikao alitangulia mapema. Kibanjani aliona vigutu vya migomba iliyokatwa mikungu ikiwa bado myembamba, vidole vyake havijajaa. Jikoni alimkuta Ma Restituta amechutama akimenya ndizi kando ya sufuria la kutosha harusi.

"Ma, zote hizi za nani?"

"Za wageni, waitu, mwanangu. Kwani mnakuja wangapi?"

Hellen alichutama karibu naye, akachukua kisu kingine. "Na jana ulikula nini?"

"Jana alikuja yule afande. Ana tumbo zuri, mtoto yule! Anakula kama aliyetoka kuchimba msingi."

"Wewe, Ma. Wewe ulikula nini?"

"Nilikunywa chai."

"Na juzi?"

Ma Restituta akaanza kumenya haraka haraka. "Mgeni haondoki kwangu na mdomo mkavu. Hajawahi. Na wewe usiende kunitia aibu mbele ya watu, umesikia?"

Hellen alisikia. Alikumbuka Ijumaa zake zote, sahani inayofuka moshi mbele yake, na mama amesimama mlangoni akisema, "Mimi nimeshakula, kula tu." Naye akala, akashukuru, akaandika vizuri.

Saa nne wakawa wote sebuleni. Josia alikuja na shati la kanisani na karatasi ya kutia saini ndani ya bahasha.

"Kilo tano!" alisema. "Mimi simchukii mama, Mungu ananiona. Lakini mkimwacha hapa, Krismasi tutakuja kumzika."

Rutashobya alikuna kidevu. Afande Gaudiosa aliangalia chini. Kokugonza alisema namba ni namba, hawezi kuzifuta. Ma Restituta alisikia hayo akiwa mlangoni na sahani mikononi, akaingia kugawa ndizi na maharage kana kwamba wamekuja kumsalimia tu.

Sahani ya Hellen ilipofika, aliisukuma mbele.

Katika nyumba ile, kusukuma sahani kulikuwa sawa na kuitemea mate.

"Umeona nini humo?" Ma Restituta aliuliza polepole. "Nywele?"

"Hapana, Ma." Uso ulimwaka Hellen hadi masikioni, lakini safari hii aliongea na watu, si na meza. "Mimi nimekula hapa mara nane. Mara nane, na sijakuona hata siku moja ukitafuna. Aibu hii ni yangu. Nilitumwa kuangalia kama unakula, nikakulia chakula chako."

Tonge la afande Gaudiosa lilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi ni Jumatano zote. Na niliomba kuongezwa."

"Mimi nilikuwa nampima presha kwanza," Kokugonza alinong'ona, "halafu nakula."

Rutashobya alisema Jumatatu huwa hali sana. "Ulibeba nyingine kwenye kontena!" Ma Restituta alimkumbusha, na hapo Gaudiosa akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akamgeukia Josia. "Na wewe bwana, Jumamosi ulikuwa unakuja na nani?"

"Na mke wangu," Josia alisema. Akasita. "Na watoto. Wanne."

Hata yeye akacheka, akijifunika uso kwa bahasha.

"Mlitaka niwape nini?" Ma Restituta alifoka. "Maji?"

Wakakubaliana pale pale. Faili litakuwa moja, la Hellen. Mtu mmoja kwa wiki, kwa zamu, wengine watamuuliza Hellen kwa simu. Na mgeni atakula sahani moja na mwenye nyumba. Kokugonza atampima tena baada ya mwezi.

"Na hili la kibanja?" afande aliuliza, akinyoosha kidole kwenye bahasha.

"Kibanja bado nina macho ya kukiangalia," alisema Ma Restituta. "Josia, Jumamosi uje na panga na miti ya kuegemezea migomba. Watoto waje, watabeba matandazo. Mke wako aje na samaki."

"Sawa, mama," Josia alisema, na bahasha akaikalia.

Hellen aliirudisha sahani yake katikati, akasogea pembeni kwenye mkeka kumpisha mama. Hakuna aliyegusa chakula tena kabla yake. Ma Restituta aliwatazama mmoja mmoja, akasonya, akaketi. Akanawa, akakata kipande cha ndizi, akakitia mdomoni mbele ya serikali nzima.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Haina chumvi," alisema. "Miezi miwili nawapikia, hakuna hata mmoja aliyeniambia?"