Unga Umefika

Trevor alikuwa na albamu moja tu kwenye simu yake, na aliipiga kama mtu anayefukuza jini. Rapa mwenyewe alikuwa wa kusini mwa Marekani, mwenye sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini, na kila wimbo ulizunguka palepale: kona za mtaani, polisi, mama anayelia, na unga mweupe uliomtoa kijana kwenye umaskini. Trevor, mlinzi wa lango kule Pearl, Uarabuni, mtoto wa Nakuru asiyewahi kuiba hata sukari ya chai, aliyaimba yote kwa moyo mmoja huku akipiga pasi sare yake.

Idrisa, mwenzake wa chumba pale Abu Hamour, alivumilia. Kiingereza alikiokota kwa wageni wa hoteli ya Al Sadd alikofua mashuka, nacho kilimtosha kuelewa. Kwao Unguja neno unga halichezewi. Ukisema fulani anauza unga, hakuna anayeuliza kama ni wa ngano au wa sembe. Lakini Trevor ndiye aliyemuuguza alipolala na homa, akamnywesha supu kwa kijiko, na mtu wa namna hiyo unamsamehe nyimbo zake.

Alhamisi moja asubuhi Idrisa alikuwa ametoka zamu, amejifunika gubigubi. Trevor alidhani amelala, akapiga simu kwa sauti ya chini.

"Eeh, unga imefika. Safi kabisa, imetoka hom. Jerusha ameileta kwa begi. Kuja kesho, lakini usiambie watu wengi. Supervaiza akijua, sisi kwisha."

Akaenda kazini. Idrisa alibaki amekodolea macho dari. Nchi ya watu, mambo hayo hayana mzaha, na angekamatwa hata aliyelala kitanda cha pili. Lakini si jela iliyomtoa machozi. Aliona anampoteza ndugu kwa mara ya pili.

Akauvuta mfuko chini ya kitanda cha Trevor, umezungushiwa utepe kama maiti. Akaubeba hadi chooni, akauchana kwa kisu, akamimina huku ametazama pembeni. Alipovuta maji, yakapanda badala ya kushuka, mazito, na harufu iliyopanda nayo aliijua tangu utotoni. Ilikuwa ya mahindi. Alipotazama mfukoni, haikubaki hata nusu.

Trevor alikuwa amesahau kitambulisho. Aliporudi kukichukua alimkuta mwenzake amepiga magoti, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Idi, unafanyia nini unga yangu?"

"Nilidhani ni unga."

"Si ni unga?"

"Unga ule, Trevor. Wa kwenye nyimbo zako."

"Hiyo ni mahindi mathe amelima na mikono yake. Tulikuwa tufunge mlango kesho, tupike ugali. Si unajua kupika kwa room wamekataza." Hasira zilikuwa zimempanda hadi shingoni, na haki alikuwa nayo.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa na mdogo wangu, Saidi. Wa kwake niliumwaga hivihivi, chooni kwa mama."

"Akaacha?"

"Akanunua mwingine. Tulimzika mwaka juzi."

Trevor akakaa chini pale pale sakafuni, na sare yake iliyopigwa pasi. Visikilizio vilikuwa vinamning'inia shingoni, rapa bado anajisifu humo ndani. Akaizima simu. Kisha akavuta ndoo, wakazibua choo pamoja.

Ijumaa wageni walipewa matonge ya kuonja tu. "Unga ilishikwa na polisi," Trevor aliwaambia, akimnyooshea Idrisa kidole, na watu wakacheka hadi Jerusha akakumbusha kwamba kuta zina masikio. Idrisa naye alicheka, uso chini kwa aibu.

Sahani yake ilipofika ilikuwa na matonge mawili makubwa. Akataka kurudisha moja.

"Wacha," Trevor akasema taratibu. "Hiyo ingine ni ya Saidi."

Idrisa akanawa tena mikono, akayala yote mawili.