BSA Yangu na Triumph ya Makhanu

Makhanu na mimi tulinunua pikipiki siku moja, kwa mzungu mmoja, kule Lugari, wazungu walipokuwa wakifunga virago baada ya Uhuru. Mimi nilichukua BSA M20, mashine ya silinda moja iliyobeba wanajeshi vitani. Nzito, ya polepole, lakini ukiifungia gunia la mahindi haikuulizi unakwenda wapi. Yeye, kwa kupenda sifa, alichukua Triumph Speed Twin: silinda mbili, na mbio za kumtoa mtu machozi. Tangu siku hiyo hadi mwaka wa tisini na sita tulibishana ipi ni bora.

Kila jioni, nikitoka kwenye miwa yangu hapa Mayoni, nilipitia kwake. "Haraka haraka haina baraka," nilimchokoza. Naye hakukosa jibu: "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Nilimkumbusha kwamba Triumph yake ilidondosha oili kama mtoto mwenye mafua. Akanikumbusha siku aliponipita kwenye kilima cha mto Lusumu, akafika Mumias na kumaliza chai mbili kabla hajaniona. Chai ilikuwa moja. Ya pili aliiongeza mwenyewe, na angeishi zaidi ningesikia ya tatu.

Mke wangu Nekesa alipofariki, na watoto wakashika njia ya Nairobi, sikubaki na mtu. Nasema wazi, maana upweke ukiuonea haya unakumaliza kimyakimya. Nyumbani nilikuwa na redio na kuku. Redio haibishani nawe, na kuku ukiwafokea wanakimbia. Wa kunipinga alikuwa Makhanu peke yake.

Kisha sumaku ya Triumph, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, ikafa. Tulitafuta nyingine Kisumu, tukatafuta Nairobi, wapi! Hata viwanda vya Uingereza vilivyozitengeneza mashine zetu vilikuwa vimefungwa zamani. Mwanawe Titus, kijana mwenye moyo mwema na haraka nyingi, akamletea baba yake pikipiki mpya ya Kijapani. Niliitazama nikacheka. Spana zetu za inchi hazikuingia kwenye nati yake hata moja.

Ningejua, nisingecheka. Pikipiki zetu za Kiingereza gia iko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Mjapani amegeuza. Kichwa cha Makhanu kililijua hilo, ila mguu ulikuwa umesoma kwa mwalimu mwingine kwa zaidi ya miaka thelathini. Trekta lililobeba miwa lilipojitokeza ghafla karibu na soko, alikanyaga kwa nguvu upande wa kushoto, akitafuta breki. Akapata gia. Alijigonga kwenye trela, akavunjika nyonga.

Hospitalini alikaa sana, na waliporuhusu arudi nyumbani nilijua hawakumruhusu kwa sababu amepona. Lakini nilifurahi. Niliiwasha BSA, nikaenda kwake, na njia nzima nikawa napanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba M20 isingemfanyia hivyo, kwa vile haijawahi kufika mbio za kumvunja mtu. Nilijua angetapika moto. Nilikuwa na njaa ya kumsikia.

Mkamwana wake Alice alinipokea mlangoni. "Karibu, Baba. Amekuwa akikuulizanga kila siku."

Makhanu alikuwa kitandani, amebaki mifupa na masikio.

"Mulembe," nikasema. "Umesikia nimekuja na nini?"

"Nimesikia kutoka kule kwa posho mill. Hiyo sauti haipoteanga."

"Sauti ya mashine ambayo haijamwangusha mtu," nikamtupia, nikakaa nikisubiri.

Alinitazama kwa upole ambao sikuupenda. "Ni kweli," akasema. "BSA yako ndiyo ilikuwa pikipiki. Ilikuwa bora kuliko yangu. Nimeona nikwambie."

Alice alicheka kwa furaha. "Hatimaye mmeelewana! Wacha niwaletee chai."

Maneno hayo niliyataka maisha yangu yote, na yalipokuja sikuyataka. Mtu huyu hakuwahi kunikubalia jambo, hata kwamba mvua inanyesha. Sasa alikuwa ananigawia vitu vyake, kama wanavyofanya wanaojiandaa kuondoka.

"Wacha ujinga, Makhanu," nikamwambia. "Na kilima cha Lusumu je?"

"Ulinifuata karibu."

"Karibu! Si ulimaliza chai mbili?"

"Sikunywa chai," akasema, akafumba macho. "Tulifika pamoja."

Nilipandwa na hasira. Uongo! Alinipita, nikala vumbi lake, na wote waliokuwa Mumias siku hiyo waliniona nikiingia mwekundu kama tofali. Nilitaka kulia. Alice alileta chai, nami sikuigusa. Nilisogeza kiti mpaka kitandani, nikaanza kuitukana ile Triumph: kwamba ni kopo, kwamba ni kifaranga chenye kelele, kwamba hata bure nisingeichukua, kwamba aliyeinunua alikuwa mjinga wa wajinga. Nilisema kwa sauti, nikarudia, huku nikitulia kila baada ya tusi ili anikatize, tubishane kama zamani.